Hodi, Mlango 5432

Saa tisa usiku, Tartu. Theluji imezika baiskeli uani.
Maarika, soksi za sufu, chai imepoa,
anausoma mstari uleule mwekundu:
muunganisho umekataliwa.

Muungwana hupiga hodi mara tatu,
akikosa jibu hurudi kwao.
Programu haina haya:
hodi, hodi, mia nne kwa dakika.

Hifadhidata i hai. Ameiita kwa mkono wake
ikamwitikia: nipo.
Nenosiri ni lilelile.
Amezima, amewasha. Amemlaani Priit
aliyesasisha seva Ijumaa jioni
akaenda zake kuteleza milimani.

Saa mbili asubuhi wachangia damu watafungua simu
kutafuta nafasi,
na kitakachowapokea ni kiduara kinachozunguka.

Kisha anaona.
Programu iliambiwa: itafute hapahapa nyumbani.
Toleo jipya likadhani nyumbani ni anwani mpya,
nukta pacha mara mbili, kisha moja;
nayo hifadhidata imeketi kwenye anwani ya zamani,
sikio mlangoni, inangoja.
Nyumba moja.
Huyu anabisha mbele, yule anasikiliza nyuma.

Anacheka. Halafu hacheki.

Anaandika tarakimu zenyewe, 127.0.0.1,
bila kuliachia jina kazi ya kukisia.
Mistari myekundu inakoma.

Ukumbini, mwanga chini ya mlango wa mama yake.
Siku kumi na moja hawajasemezana,
kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyebisha.

Anateka birika.
Maji ya vikombe viwili.