Isiyo na Mfuko

Daktari wa Makadara aliandika neno moja, *vumbi*,
akalipigia mistari miwili chini
kama mwalimu aliyechoka na darasa.
Nasra kifua chapiga mbinja usiku,
na fagio langu la chelewa, alinambia,
halifagii, lahamisha tu.

Basi Jumatatu nikashuka Barabara ya Digo,
dukani kwa Taibali, miwani utosini,
nyuma yake feni zote zazunguka bila ya mnunuzi.
Akaweka mbili juu ya meza.
"Hii ya mfuko, mama, ni ya watu wenye haya.
Yala, yanyamaza. Mfuko ukijaa waubwaga jaani,
wala hujui umetupa nini.
Ila mifuko yenyewe ni taabu: waagiza leo,
yaja mwezi wa tatu, na ikija haiingii."
Ya pili akaigonga kopo lake kwa ukucha,
plastiki angavu kama gilasi ya sharubati.
"Hii haina. Kila kitu utakiona."

Nani kamwambia nataka kuona?

Nikainyanyua. Kilo sita na ushei.
Sisi twakaa Tudor, ghorofa ya nne,
lifti yetu ni magoti.
Nikauliza umeme: tokeni ya mia mbili yanifikisha wapi?
Nikauliza kelele: chini yangu yuko Bi Zamzam,
alalaye mchana, alalamikaye usiku.
Kisha chujio.
"Unaliosha kila mwezi, maji safi,
halafu kivulini siku nzima, likauke."
Maji yepi?
Ya mfereji huja Alhamisi, yakikumbuka njia.
Ya mkokoteni, kila dumu na bei yake na matusi yake.
Ya kisima ni chumvi, hata sabuni hayaipi povu.
Taibali akajikuna sikio.
Miaka ishirini dukani, hajawahi kuulizwa.
Akapunguza elfu moja na mia tano,
kwa ajili ya swali lile, au kwa ajili ya zile feni.

Kipya kinyemi. Nilianzia zulia la Maskati,
lile alilokuja nalo mavyaa wangu
akalikalia miaka sita, kona ile ile,
miguu kainyoosha, jicho kwangu:
"Wafagia kama mwenye kufukuzwa, Mwanamkuu."
Nikabonyeza. Ikanguruma. Kopo likaanza kujaa,
na mimi nisiyetaka kuona nikachutama nitazame:
nyuzi za leso, punje ya iliki,
mchanga wa skuli, mabawa ya kumbikumbi,
kimeremeta cha nguo ya harusi ya mwaka juzi,
na vumbi lenyewe, laini, la kijivu,
lingi kuliko heshima yangu.
Na unywele mmoja mrefu,
nusu mweupe, nusu hina.

Wazunguka.
Wazunguka.
Kwetu hakuna mwengine atiaye hina kichwani.
Tulimzika Shaaban, na tangu siku hiyo
kona ile naifagia asubuhi na jioni.
Naifagia, nasema! Kumbe alikuwa na haki yake,
na sasa sina wa kumpa.

Nasra akasimama mlangoni. "Mbona umezima?"
Tokeni, nikasema.

Alasiri nikapanda paani na kopo langu.
Nikashika pumzi, nikafungua kifuniko,
na upepo wa upande wa Makupa
ukanirudishia nusu ya mali yangu:
buibuini, ushungini, mdomoni.
Nikacheka peke yangu huku nakohoa.
Hata hapo hakukubali kutoka.

Usiku Nasra kakohoa mara nne. Nilihesabu.
Juzi zilikuwa kumi na moja.
Chujio liko dirishani, limeshika rangi ya jivu,
lasubiri Alhamisi.