Doa la Kijani

Torkel alilizunguka gari langu mara mbili,
akalipiga tairi teke dogo
kama mtu anayemsalimu mbwa asiyemwamini.
"Saluni ya mbio, viti vya ngozi, mwenyewe mmoja tu.
Na wewe unataka lile pale?"

Lile pale lilikuwa mwisho wa safu,
theluji ya Februari imelifika magotini,
miaka kumi na minane, kilomita laki mbili na ushee,
bampa la nyuma limefungwa kwa waya.
Nikasema: lile pale.

Akacheka kwa adabu, kama watu wa benki.
Akaandika tarakimu, akaifuta, akaandika nyingine.
Nilikuwa natoa ng'ombe nachukua mbuzi kilema,
na bado ilinibidi kutia sahihi mara nne.

Niseme ukweli. Lile jeusi nililinunua kwa hasira.
Kiwanda kilipofungwa tulipewa kiinua mgongo,
na mgongo wangu ukainuka moja kwa moja
hadi kwenye duka la magari ya Kijerumani.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Miaka kumi na mmoja nilikipangusa kidonda hicho
kila Jumamosi, kwa shampuu yake na kitambaa chake.
Lilitii. Lilikimbia. Halikuniuliza jambo.
Nikipita ukuta wa kiwanda nilikanyaga mafuta.

Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Makoleo yetu hayakuvunjika.
Yalipigwa mnada, moja moja,
yamebandikwa namba za karatasi.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kufunga turbo.
Gunhild, mjane wa kaka yangu, aliwahi kuniuliza ni kitu gani hasa.
Nikamwambia: ni feni ndogo ndani ya kombe la konokono.
Moshi ambao gari jingine linautema tu
huku unaizungusha feni,
na feni inasukuma hewa mpya kifuani mwa injini.
Yaani linapanda mlima
kwa pumzi ambayo limekwisha kuitoa.
"Kumbe kama wajane," akasema,
akaendelea kumenya viazi.

Nikaliwasha. Likakohoa, likatulia.
Miwani yangu ya jua niliisahau kwenye lile jeusi
na sikurudi kuichukua.
Kando ya mto Göta barabara ilikuwa tupu,
imemwagiwa chumvi, nyeupe kama ubao uliofutwa vibaya.
Nikakanyaga.

Kimya.

Nilikuwa nimekisahau kile kimya:
sekunde moja, moja na nusu, gari likiwaza
kama mzee anayetafuta jina la mtu mlangoni,
halafu filimbi, nyembamba, kutoka chini ya miguu,
na miti yote ikaanza kurudi nyuma kwa pamoja,
na mimi, mtu wa miaka sitini na mitatu,
nikapiga kelele ndani ya gari peke yangu.

Kwenye kituo cha mafuta nikafungua boneti.
Sikuwa natafuta hitilafu. Nilitafuta doa la rangi.
Fundi akimaliza kukaza bolti alidondoshea rangi juu yake,
ili mkaguzi ajue. Zamu yetu, mimi na Evert, ilikuwa njano.
Zamu ya usiku ilikuwa kijani.
Tuliwasema sana watu wa kijani:
wanakaza huku wanaota, wanaacha kazi nusu,
tutakuja kuona wenyewe barabarani.
Evert alikufa akiwa bado anawasema.

Nikapangusa masizi kwa kidole gumba.
Kijani.
Miaka kumi na minane ya baridi na mashimo,
na bolti haikuwa imesogea hata unywele.
Nikasimama pale mpaka masikio yakauma.

Nyumbani, Solveig alichungulia dirishani.
"Linatembea?"
"Linatembea. Ila husita kwanza."
"Basi mtaelewana," akasema,
akanipakulia supu.