Maji ya Kuzimia Moto

Moto ulikuwa wa Bwire, juu.
Maji yalikuwa yangu, chini.
Igogo tumepangana hivyo, nyumba juu ya nyumba
kama masufuria yaliyorundikwa karoni:
kizingiti cha mmoja
kimelingana na bati la mwenziwe.

Saa nane usiku, Jumanne.
Soketi moja ilibeba friji, redio,
chaja ya mpangaji wa uani,
na pasi iliyosahauliwa.
Kwanza palinuka kama kucha inayoungua.
Kisha Nyanzobe akapiga sufuria kwa mwiko
na mlima mzima ukaamka miguu peku.

Gari la zimamoto lilifika, msiseme halikufika.
Lilisimama barabarani, taa zinazunguka,
likatutazama.
Ngazi zetu ni za mawe, upana wa mbuzi mmoja.
Mpira wake uliishia kwa fundi viatu.
Basi tukawa mpira sisi:
ndoo, dumu, beseni la kuogeshea mtoto,
mkono kwa mkono toka bombani hadi kwa Bwire,
nami wa kumi na moja, katikati,
napokea, natoa, napokea,
sijui kuwa napandisha maji
yatakayonirudia.

Maana maji hayakai ulikoyapeleka.
Yaliua moto, yakashuka
na masizi yake, ya uvuguvugu, meusi.
Hayakubisha hodi.
Yalipita chini ya mlango,
yakapanda godoro,
yakafungua begi la vyeti bila ufunguo.
Magunia yangu matatu ya dagaa wa Mwaloni,
yaliyokuwa yakisubiri lori la Shinyanga,
yakavimba.
Dagaa wakaogelea mara ya pili,
ila safari hii hawakujua wanakwenda wapi.

Asubuhi watu walipanda kumpa pole Bwire.
Walipita mlangoni kwangu
wamekusanya khanga magotini wasilowe.
"Na wewe pole," alisema mmoja, amegeuka nusu.
Aliyeunguliwa hupewa mchango na daftari la majina.
Aliyelowa hupewa fagio.

Maji yakimwagika hayazoleki:
aliyesema hivyo hakuwa na sakafu.
Mimi niliyazoa.
Kwa kikombe, kwa khanga ya harusi,
kwa kifuniko cha ndoo ya rangi,
siku mbili.
Godoro tulilitandaza kwenye jiwe kubwa nyuma ya choo,
lile ambalo mwenye nyumba hulilaani
kwa kumnyima chumba cha tatu.
Haliungui, halinywi.
Kutwa linakula jua, usiku linalitema.
Cheti cha kuzaliwa cha Limi nikakilaza hapo,
kokoto nne pembeni.
Wino wa jina ulikuwa umekimbia,
muhuri umebaki.
Kwa serikali, mwanangu sasa ni duara la zambarau.

Siku ya tatu Bwire akashuka.
Nyusi hana. Mkononi kashika ile pasi.
"Hii imepona," akasema,
na sote wawili tulijua haijapona.
Akaiweka chini. Akaokota tambara.
Hakuomba radhi.
Aliuliza, "Nianzie wapi?"

Siku hizi nina ndoo ya mchanga nyuma ya mlango;
Limi huchomeka vijiti humo, anasema ni shamba.
Vyeti vimo ndani ya nailoni,
nailoni ndani ya dumu lililokatwa shingo,
dumu linaning'inia kwenye kenchi.
Kizingiti nimekiinua matofali mawili.
Bwire ameitoa nje swichi kubwa,
akaniita nipande nijifunze kuizima.
Nikaizima. Nikaiwasha. Nikaizima tena
mpaka mpangaji wa uani akapiga kelele.

Na mbele ya mlango nimechonga mfereji
kwa nyundo na patasi, kina cha kiganja,
maana jiwe ni jiwe.
Jana mvua ilipokatika
nilichukua tochi, nikaufuata uone unakoishia.
Unamwaga mlangoni kwa Holo,
anayelala chini ya usawa wa miguu yangu.

Nikarudi ndani kuchukua patasi.
Nikashuka.