Mlango wa Kushoto

Bwana meneja, salamu kwanza,
maana nimelelewa, hata nikiwa na hasira.
Mimi ni Zuwena binti Seif, wa Mabela,
nyumba ya geti la kijani, ubavuni mwa dobi.
Alhamisi mliniletea kabati la milango mitatu.
Miwili ilifika mizima.

Wa kushoto umekuja na ufa
kutoka bawaba hadi kitasa.
Kioo chake kimepasuka vipande saba
(nimevihesabu, sina kazi nyingine siku hizi)
na mguu wa nyuma umekatika;
sasa kabati limeinama kidogo
kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani.

Nilipiga simu. Muziki. Bonyeza moja. Bonyeza mbili.
Kijana akaniambia: tuma picha, mama.
Nikatuma sita.
Akasema: hazionyeshi kabati, zinakuonyesha wewe.
Ni kweli. Nimo humo na simu yangu mkononi,
kila kipande na jicho lake.
Na wewe, nikamuuliza, ungesimama wapi
upige picha ya kioo usiwemo?

Nikaja dukani mwenyewe, adhuhuri, joto la kukaangia yai.
Kiarabu changu nilikipanga ndani ya teksi,
neno juu ya neno, kama sahani.
Mbele ya kaunta chote kikanikimbia.
Miaka thelathini na tatu nipo nchi hii ya babu zangu:
Kiarabu cha kununua ninacho, cha salamu, cha msiba,
cha kugombana sina.
Nikagomba kwa Kiswahili, basi.
Mliuelewa mkono tu.

Mkanipa fomu. Swali la nne:
Nani amesababisha uharibifu?
Hapo kalamu ikagoma.
Maana mliyemtuma ni Rafiqul, mtoto wa watu,
shati limemganda mgongoni,
kapanda na kabati ngazi kumi na tisa, peke yake.
Nilimpa maji, akamaliza chupa bila kupumua.
Yeye ndiye aliyeuona ufa kabla yangu,
akaufunika kwa kiganja, hivi,
kama mtu anavyoficha jino bovu akicheka.
Nasikia kwenu hukatwa mshahara.

Basi nimejaza, na sifuti:
mwenye kosa ni lile tuta la karibu na mzunguko,
halina rangi, halina alama.
Likateni mshahara hilo.

Punguzo la riyali kumi silitaki.
Wala huo mto wa kochi wa bure.
Nataka mlango.
Kabati ni la mama, wa miaka themanini na moja,
na kila asubuhi akifumbua macho huniuliza
wale wanawake saba waliosimama pale
ni wageni wa nani,
na mbona mpaka saa hizi
hawajapewa kahawa.

Jana nilimimina vikombe saba ili alale.

Wasalaam.
Mkija, leteni watu wawili.