Nani Alifunga Hii?

Hilo ndilo swali letu la kwanza, mafundi.
Tunaliuliza hata kabla boneti haijafunguka,
tukitikisa kichwa, tukisonya kidogo,
ili mwenye gari ajue balaa lake
lililetwa na mwingine, na sisi ndio dawa.

Mama Aikande alizima mara moja tu, Kiborloni, anunue soda.
Kitenge kipya, mikungu miwili ya mshare kwenye buti
inadondosha utomvu juu ya kreti.
"Saa nne askofu anaingia kanisani Kibosho," alisema,
"mjukuu anapata kipaimara, na hili limenuna."
Carina ni otomatiki. Vijana walikwisha kusukuma bure.

Ufunguo unazunguka. Dashibodi inawaka,
redio inahubiri, feni inapuliza.
Stata, kimya.
Si kimya cha betri iliyokufa, hicho nakijua, kina kikohozi.
Hiki kilikuwa kimya cha mtu anayekusikia.

Pembeni ya usukani kitaa chekundu: pepesa, pepesa.
Nikabonyeza rimoti, ikajibu, milango ikafunguka.
Si rimoti.
Nikapima betri: kumi na mbili na nusu.
Nikagonga stata kwa spana, kwa adabu. Wapi.
"Mama, gari lako ni zima. Linakudhania mwizi tu."
"Mimi? Niliyelilipia mkopo miaka minne?"

Nikalala chali chini ya usukani,
miguu nje barabarani, taa ya kupimia mdomoni.
Waya za kiwandani zina nidhamu.
Za alamu huingia kama wageni wa msibani,
kila mmoja kwa mlango wake.
Waya wa stata ulikatwa, ukapitishwa kwenye rilei,
na pale ulipoungwa, kutu ya kijani.
"Nani alifunga hii?" nikauliza tena, kwa sauti.
"Huyu ni mkulima, mama. Hakulehemu!
Kasokota kwa vidole, kaviringisha tepu, kaenda zake kula."

Nikavuta furushi la waya nilione vizuri.
Lilifungwa kwa uzi wa kiroba,
fundo la kupitisha mara mbili na kurudisha ncha ndani,
fundo la mzigo wa majani ya ng'ombe,
la mama yangu, Mwika, kila jioni,
ambalo mjini hapa sijaona mwingine akilifunga.

Taa ikanidondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Fundi Msofe alikwenda kuzika Usangi,
akaniachia ufunguo wa boksi na onyo: usipokee kazi.
Nikapokea. Elfu kumi na tano.
Risasi ya kulehemu ilikuwa imeisha,
na mimi nilikuwa na njaa.

"Umeona nini?" Mama aliinama.
Ningeweza kusema panya.
Panya wamebeba makosa mengi ya mafundi wa Moshi.
"Namjua aliyefunga," nikasema.
"Yule kijana mwembamba?"
Nikavuta tumbo ndani. "Huyohuyo."
"Ukimwona mpe asante yangu.
Mwaka ule walikuja usiku, Pasua, wakavunja kioo,
wakakaa humo ndani wanazungusha, wanazungusha.
Liliwagomea hivihivi."

Sikuwa na la kujibu.
Nikakwangua kutu mpaka shaba ikaonekana,
nikalehemu, nikapuliza, nikavika tepu mpya.
Stata ikashika mara ya kwanza.

Aliacha elfu kumi juu ya boksi, na chane moja.
Elfu kumi nikamrudishia dirishani.
Ndizi sikuweza, njaa ile bado naikumbuka.
Fundo sikulikata.
Ncha yake ilikuwa imechomoza kidogo;
niliirudisha ndani.

Mwanafunzi wangu yuko na daftari,
anauliza kazi ya Carina aandike shilingi ngapi.
Nimemwambia aache wazi,
kisha aende dukani kabla hapajafungwa,
alete risasi.