Kumbukumbu za Kikao

Akidi ilitimia saa nne na robo asubuhi,
saba kati ya kumi na mmoja.
Wawili theluji iliwafungia Dayton,
mmoja yuko hospitali na goti lake jipya,
na Bwana Thaddeus Crume alikwisha tuambia
hakai tena kwenye bodi isiyo na injini.
Miaka thelathini kiwandani Toledo, akiunda magari:
anajua bodi ni nini.

Mimi ni katibu. Kazi yangu kumbukumbu,
nazo haziji kwa kufuata ajenda.

Tulipewa chumba chenye picha za wakuu wa chuo,
kumi na watano ukutani, wananitazama
kama mtu aliyekosea mlango.
Sikukosea. Mwaka wa themanini na moja
nilikipiga deki chumba hiki, usiku, kwa dola tatu kwa saa.
Chini ya meza kuna ubao uliopasuka.
Nimeutafuta kwa ncha ya kiatu.
Bado umepasuka.

Ajenda ya kwanza, sherehe ya miaka arobaini
ya Chama cha Wahitimu Weusi: keki, na nani akate.
Dakika hamsini.
Ya pili, rangi ya fulana. Tuliahirisha.
Ya tatu, mfuko wa dharura
na binti mmoja, Kesiah Broadnax,
mwaka wa tatu, uuguzi,
analala ndani ya gari, maegesho D, nyuma ya uwanja.

Hakimu mstaafu Verlene Stubbs akavaa miwani
akatusomea barua ya chuo:
*Tumeupokea ushauri wenu kwa shukrani nyingi.*
Wa mwaka jana pia waliupokea.
Na wa mwaka juzi.
Ushauri wetu una pa kulala,
kabati la chuma, ghorofa ya tatu,
joto saa ishirini na nne.

Sisi tunashauri. Kuamua ni shauri la wengine.
Na anayelala garini mwezi wa pili,
huyo, basi, shauri yake.

Lucius Yarbrough, mdogo wetu, mhitimu wa juzi tu,
akagonga meza: tujiuzulu wote, barua moja, leo!
Hakimu akamwambia, ukitoka, mwanangu,
kiti hakitoki nawe.
Naye akajibu, na nikikaa, mama, ninakipasha joto kwa ajili ya nani?

Nimeandika: *Mjadala ulikuwa mrefu.*
Ndivyo tunavyoandika watu wazima wanapofuta macho.

Sikuandika kwamba baridi ile ya themanini na moja
nililala wiki mbili kwenye stoo ya mafagio,
na kwamba mtu mmoja alijua,
Bwana Ezell, mlinzi wa boila, asiyesoma hapa wala popote,
ambaye hajawahi kuwa mjumbe wa kitu chochote.
Hakunishauri neno.
Alisahau kufunga mlango
usiku kumi na nne mfululizo.

Kikao kilifungwa saa saba kasoro dakika tano.

Yatokanayo:
Hakimu alivaa mabuti yake, mimi nikamshika mkono,
barafu haina heshima kwa nyonga za wazee.
Gari la kijivu, kioo cha nyuma kimezibwa kwa taulo.
Tuligonga. Kioo kikashuka vidole viwili.
Ninyi nani?

Sisi ni bodi ya, alianza Hakimu,
akameza mate.
Nina chumba, akasema. Hita yake inapiga kelele
kama mtu anayetafuta sufuria.
Utaizoea.

Binti alitutazama muda mrefu.
Sijui alikuwa anapima nini.
Kisha tukasikia kufuli za milango, zote nne,
tak.

Haya hayakuwa kwenye ajenda.
Nimeyaandika pembeni, kwa penseli.
Kikao kijacho wajumbe wayathibitishe
au wayafute.