Sekunde Nne

Saa kumi na mbili na robo jioni
pikipiki ya Masalu inafunga breki chini, Mtaa wa Rufiji.
Anapanda ngazi mbili mbili, kadi ya kamera kiganjani,
suruali inanuka mwalo wa Igombe: dagaa, tope, mafuta ya injini.
"Dakika arobaini za picha," anasema.
"Nipe moja na nusu. Saa mbili inaruka."
Hata kiti hakigusi.

Hii ni wiki yangu ya tatu.
Leokadia anayenifundisha ana kucha zilizotafunwa
na taarifa za habari za miaka kumi na moja.
Siku ya kwanza alininyima kipanya.
"Tazama kwanza. Yote. Hata pale kamera ilipoanguka."
Siku ya pili: usimkate mtu akiwa amevuta pumzi,
mngoje aitoe.
La tatu nimejifundisha mwenyewe: hifadhi, hifadhi tena,
umeme wa huku hauagi.

Kwenye kioo, chanja zimeng'olewa kupisha barabara.
Miti imelazwa juu ya mawe, dagaa wamechanganyika na mchanga.
Mama mmoja, Nyangeta, kitenge kimefungwa kifuani,
anasema: "Hatujalipwa hata shilingi."
Anatazama pembeni. Anafukuza nzi.
"Ila wametuita Jumatatu, tukahesabiwe upya."

Nilikata baada ya shilingi.
Ilitoka safi, sato aliyeparwa magamba.
Kazi ikasimama kwenye dakika moja na sekunde thelathini kamili,
na mimi, nisifiche, nilijipenda kidogo.

Leokadia akaja na kikombe cha chai, akasikiliza amesimama.
"Baada ya shilingi alisema nini?"
"Hakuna kitu. Ila tu."
"Ila tu?"
Akaweka kikombe juu ya mezani, juu ya hati yangu, chai ikamwagika.
Alishawahi kukata moja, akaniambia, ya mzee wa Kayenze.
Kesho yake mzee akapiga simu ofisini,
hakutukana, alicheka tu, akasema
*jana nilijiona kwenu, sikujitambua*.
"Kicheko kile," akasema Leokadia,
halafu hakuendelea.

Saa moja na dakika arobaini na nane.
Sekunde nne. Nizitoe wapi?
Sauti ya Masalu imebana, haina hata tundu la sindano.
Mkuu wa soko akipunguzwa atapiga simu kwa mkubwa.
Imebaki picha yangu ya kufungulia, niliyoichagua peke yangu:
ziwa, jua linazama, mtumbwi mmoja umetulia,
ile picha ambayo kila mgeni akishuka uwanja wa ndege huipiga.
Naipenda bado.
Nikaifuta.

Faili likaanza kupikwa. Asilimia thelathini na mbili.
Taa zikapepesa, kile kisanduku cha betri kikapiga kelele
kama kifaranga aliyekanyagwa.
Sitini na moja. Juu, muziki wa taarifa ya habari umeshaanza.
Themanini. Masalu anasali au anatukana, midomo ni ileile.
Nikachomoa, nikakimbia korido na ndala mguu mmoja,
mtangazaji tayari yuko kwenye bei ya pamba.

Tulitazama tumesimama mlangoni.
Nyangeta akasema shilingi. Akatazama pembeni.
Mkono ukapanda, ukafukuza nzi, ukashuka,
na mji mzima, Igogo hadi Pasiansi, ukiwa mezani na ugali,
ukalazimika kumngoja.
Ila, akasema.

Hakuna aliyepongeza. Chumba kikageukia michezo.
Leokadia alikuwa anafuta chai kwenye hati kwa kanga yake.
Masalu alivaa kofia ngumu, akafika ngazini, akarudi.
"Yule nzi ungemtoa."

Jumatatu, nikamjibu, nipakie nyuma.
Nataka nione kama watahesabiwa.